Dakika Tatu za Kupoza Turbo

Mahurunga, Mtwara
12 Novemba

Kaka yangu mpendwa Issa,

Na hapo ulipokata simu ndipo nilipokuwa nataka kufika, kaka. Nimepiga tena mara nne hupokei, basi naandika, na jirani yetu Latifa anayekuja mjini kesho atakukabidhi mkononi. Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Kifua cha mama kimepungua? Sisi huku wazima, tunaokota korosho.

Ndoa yangu ina miezi mitatu, na bado kila asubuhi namtazama Nassoro nasema moyoni, huyu ni wangu mimi. Usinicheke. Akipeleka mihogo na abiria Mtwara, mimi kazi yangu ni kusikiliza barabara. Naujua mluzi wa turbo ya pikapu yake tangu akiwa mbali kwenye mchanga, hadi mama mkwe ananitania kwamba nimeolewa na injini.

Wiki ya sita ya ndoa mluzi ulibadilika, ukawa mkali kama king'ora. Gari likawa linajikokota mlimani, likikanyagwa linatoa moshi wa bluu. Nassoro akawa anaongeza oili kila baada ya siku chache, na chini halivujishi hata tone. Alhamisi moja likagoma kabisa njiani, kijijini Ziwani. Fundi wa huko akafungua mpira wa hewa, akakuta umelowa oili ndani. Akaishika shafti ya turbo kwa vidole, ikacheza kama jino la mtoto. Akasema turbo imekufa, shafti imeungua kwa kukosa oili, akauliza ni nani aliyelifanyia sevisi, na Nassoro akakutaja wewe.

Yaliyofuata yalikupata wewe. Nassoro alikuja gerejini kwenu, mbele ya wateja na tajiri wako, akakuita fundi wa baiskeli, akasema umemwekea oili chakavu shemeji yako mwenyewe. Nasikia ulinyamaza kwa heshima yangu. Nasikia pia tajiri amekwambia ukae nyumbani kwanza, na watu wanakuuliza njiani kama imebaki oili ya kukaangia maandazi. Nililia, kaka, lakini nililia kimya, na sababu yake ni hii.

Oili yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu.

Siku mliponileta kwa mume wangu, ulimwambia akitoka safari asizime gari papo hapo. Aliache lingurume dakika tatu, maana turbo ina moto, na oili ikisimama ndani yake inaungua, inageuka masizi na kuziba njia. Nassoro alishika neno lako. Alikuwa anakaa mle ndani anazihesabu. Mimi ndiye niliyezionea wivu dakika hizo. Nilikuwa natoka mbio, napitisha mkono dirishani, nazima gari mwenyewe na ufunguo nauficha kifuani, namwambia injini imekaa naye kutwa nzima, sasa ni zamu yangu. Anacheka, anashuka. Ukawa mchezo wetu wa kila siku.

Na kuna baya zaidi. Mluzi ulipobadilika, aliniuliza kama nami nausikia. Nikamwambia ni masikio yake tu. Nilijua akilipeleka gereji atakaa mjini siku mbili tatu, na mimi sikutaka kukaa bila yeye hata siku moja.

Jana nilimwambia yote. Akasema habari ya kuzima gari aliikumbuka palepale gerejini, maneno yakiwa mdomoni, ila aliona aibu kusema mbele za watu kwamba mkewe ndiye anayemzimia gari. Akaona heri aibu ikupate wewe. Hili la mluzi ndilo ambalo hakulijua. Tangu jana tunaongea ya chumvi na maji tu. Nampenda vilevile, kaka, lakini sasa nampenda kwa hofu.

Mpe tajiri wako barua hii aisome, sina la kuficha tena. Msalimie wifi, mbusu mama kwa niaba yangu. Nassoro anasema atakuja kukuomba radhi, ila hajasema lini. Aje asije, mimi kabla mwezi huu haujaisha nitafika, nisimame palepale alipokutukania, niyaseme haya kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Saida