Huyo Mtoto Si Pampu

Nyar Kisian, mke wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ulizoea kusema ni kama kuku amekanyaga masizi, na kuku bado ni yule yule. Soma polepole, huko hamna haraka.

Mjukuu wetu Akinyi ni mzima. Naweka hilo mbele, ndipo nikueleze nilivyoogopa, na nilivyoshikwa.

Tangu tukuzike, mtoto alibadilika. Mwalimu aliniita akasema analala darasani. Macho mekundu, maneno machache. Siku moja nikanusa sweta yake kama mbwa wa polisi. "Kwara," akaniita, maana babu kwake ni Kwara, "unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kifungo. Nilikuwa namtafuta baba yake. Unajua. Owino wetu alianza hivyo hivyo, tukasema ni ujana, mpaka pombe ya chang'aa ikamlaza na hakuamka. Na Akinyi, kwa miaka yake kumi na tano, ana pua ile ile.

Basi ikatangazwa kanisani kwamba kituo cha afya hapa Nyalenda kinaita vijana, waulizwe habari za pombe na dawa za kulevya, bure. Bure! Nikajua ni mtego wa polisi. Njia nzima nikamfundisha Akinyi: kila swali, jibu hapana. Wakikuuliza kama umeamka leo, hapana.

Tulipofika nikaingia naye, nikavuta kiti. Sista wa pale, muuguzi, msichana mdogo tu, akasema, "Mzee, kaa kwa benchi nje. Maswali ni yake, na majibu ni yake." Nikamuuliza mbona hawaendi Milimani kuuliza watoto wa wakubwa, ama pombe ya friji hailevyi? Hakukasirika. "Huko wana daktari wao, Mzee. Akinyi ana mimi."

Nikatoka. Nyar Kisian, hilo benchi! Mlango umefungwa, sisikii kitu, namwona Owino tu. Nikaomba. Ndiyo, mimi. Acha kucheka.

Mwishowe Akinyi mwenyewe akafungua. "Kwara, ingia. Nimekubali usikie."

Hakujibu hapana kama nilivyomfundisha. Alisema kweli yote. Bangi hajawahi kuonja. Macho mekundu ni moshi: tangu uondoke, yeye ndiye anaamka mapema kukaanga mgongo wazi wako, ile mifupa ya samaki uliyokuwa unauza, kabla ya shule, ndiyo maana analala darasani. Na mimi hapo nikila hao samaki, nalamba vidole, nashuku macho yake.

Lakini pombe, ndiyo. Kwenye matanga yako alikunywa kikombe kizima nyuma ya jikoni, kwa sababu watu wote walikuwa wanalia na yeye machozi yamekataa. Baadaye mara tatu na wenzake, kwa chupa ya soda. Sista akamwambia, kama anataka, anieleze pia lile swali la mwisho: mara ya kwanza kabisa, ni nani alimpa?

Nikashika bakora yangu vizuri, nangoja jina la kijana fulani.

"Ni wewe, Kwara. Ule mrija."

Unaukumbuka. Chungu cha pombe ya busaa Jumapili mchana, sisi wazee tumekizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Meno yangu yakaisha, kifua kikachoka, nikawa namwita Akinyi anivutie mpaka busaa ipande, kisha ananipa. Alikuwa na miaka saba. Wazee wakamsifu kifua. Wewe ukapita na beseni kichwani, ukasimama: "Jaduong', mzee wangu, huyo mtoto si pampu." Nikakujibu kwa mzaha. Mzaha gani, nimesahau, na afadhali.

Nikaiweka bakora chini. Mimi! Ungeniona, ungeita majirani.

Sista hakunigombeza. Alisema tumemwona mapema, pombe haijamshika, atakuwa anakuja Alhamisi baada ya shule waongee. Na nyumbani pombe ikae mbali naye. Kisha, kwa vile mimi ndiye nyumbani, akanisomea maswali na mimi. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kifua mbele. Akajumlisha. Nikamwambia Akinyi, "Umeona? Nimekupita mbali. Shuleni sikuwahi kupata alama kama hizi."

"Mzee," sista akasema, "hapa mwenye nyingi ndiye ameanguka."

Akinyi akacheka mpaka akashika tumbo. Sijasikia kicheko hicho tangu ulale. Kwa hicho wacha nianguke kila wiki.

Owino hakuna aliyemuuliza kitu wakati bado angeweza kujibu. Hata sisi. Hilo sijalitua, na sitakudanganya kwamba nitalitua. Lakini huyu ameulizwa, na amejibu. Nilirudi nyumbani nikila mahindi ya kuchoma njiani kama mtoto aliyefunga shule.

Sasa samaki nakaanga mimi. Naunguza. Wateja wanasema heri ungefufuka. Akinyi analala mpaka jua litoke, na macho yake yameanza kuwa meupe. Alhamisi tunaenda wote wawili, yeye anaingia kwanza, halafu mimi. Usikimbie kuwaambia malaika nimeokoka. Jumapili miguu bado inajua njia ya kwenda kwenye chungu, naigeuza kwa matusi. Sista anasema nihesabu siku moja moja. Nikamwambia kwa umri wangu hiyo ni rahisi, zimebaki chache.

Mrija nimeutoa darini. Nimeukatakata, nikawashia moto wa samaki.

Basi lala, Nyar Kisian. Akinyi hatanivutia tena kitu isipokuwa kiti. Hiyo nakuahidi, na safari hii si mzaha. Na kama wazee wa huko wana chungu, waambie waniwekee nafasi, lakini mtoto asiitwe. Nitakuja na kifua changu hiki kibovu, nivute mwenyewe.

Ni mimi, Jaduong' wako, aliyeanguka mtihani.