Mbao Zilizopakwa Lami

Kasongo, tarehe 9 Juni

Kwako kaka yangu mkubwa Zakaria,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Soraya na watoto, na kwamba baridi ya Bukavu haijawaingia kifuani. Sisi hapa tuko. Kiangazi kimeanza, na vumbi la barabara ya Kabambare limefunika mpaka majani ya migomba nyuma ya nyumba. Mama ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake utayasoma huko mbele.

Uliponipigia baada ya mazishi ya baba, uliniuliza kwa nini watu wa nyumbani wanakujibu kwa mkato, kana kwamba unawahoji. Nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri sana siku hiyo. Ila nakujua, kaka, ungenikatia simu kabla sijafika popote. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Baraka anayepanda huko na mzigo wake wa mchele. Kaa chini uisome yote.

Habari yenyewe ni ya jeep ya baba. Ajali ilipotokea wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda kuoa, kwa hiyo uliisikia tu. Baba alikuwa anarudi kutoka Kabambare na abiria. Kwenye ule mteremko wa kuingia darajani, bodi ilichomoka mbele, ikabana usukani, gari likaenda mtaroni na kulala ubavu. Sifa, mke wa Christophe wa Lusangi, alikufa chini yake pamoja na madumu yake ya mafuta ya mawese. Polisi walipomhoji baba, alisema alisinzia. Hakuongeza neno. Watu wa Lusangi wakampa jina, Yakubu Usingizi, na jina likatembea mpaka hapa mjini. Mtu aliyeendesha barabara ile maisha yake yote, tangu nywele nyeusi, akawa anapita sokoni wanawake wanacheka nyuma ya viganja. Mwishowe aliacha hata kwenda msikitini Ijumaa. Aliswali chumbani peke yake.

Gari tulilivuta mpaka nyumbani, likakaa nyuma ya jiko. Kila fundi aliyelisogelea, baba alimfukuza, hata mimi mwanawe. Tulidhani haliangalii kwa uchungu. Tulikuwa wajinga.

Mwaka huu, mvua kubwa zilipopungua, baba alikwenda kwa shangazi Safia kule Kabambare kupumzisha kifua chake. Mama akaniambia, huyu mzee anakufa na aibu na gari linakufa na kutu, litengeneze akirudi alikute linanguruma, labda atacheka. Nikakubali kwa furaha. Nilifungua buloni zinazoshikilia bodi, zile zilizokubali kufunguka, nyingine nikazikata. Nikainua bodi kwa jeki na magogo ili nifike kwenye ile mipira inayokaa kati yake na shasi.

Kaka, wewe ndiye uliyeifanya ile kazi kabla ya kuondoka. Ulimwambia baba, mimi nikiwepo, kwamba umekata vishikio vyote vya bodi vilivyooza ukachomelea vipya, na kwamba mipira mipya imetoka Uvira. Baba alikubariki kwa kazi hiyo. Alikuwa anawaonyesha majirani gari na kusema mwanangu amenirudishia ujana.

Hapakuwa na mpira wowote. Palikuwa na mbao. Ulizikata mviringo vizuri, maana mkono wako ni mzuri, hilo sitakunyima, ukazipaka lami zikawa nyeusi kama mpira. Vishikio ulivipaka lami hiyohiyo juu ya kutu. Nilipogonga kimoja kwa nyundo ndogo, kilimwagika kama majani makavu ya chai. Mbao za mbele upande wa usukani hazikuwepo kabisa, na kishikio kilikuwa kimechanika. Nilikasirika palepale chini ya gari lile. Wewe fundi mkubwa wa mjini, mwenye gereji na vijana wa kukubebea spana!

Baba alirudi kabla ya siku tuliyomtazamia. Alikuta bodi iko juu ya magogo na zile mbao nimezipanga ukutani. Nilidhani atauliza ni nini. Hakuuliza. Alisema tu, “Alimasi, umeita nani kuona?” Nikamwambia hakuna, mimi na mama tu. Akakaa juu ya kizingiti cha jiko.

Aliniambia kwamba alijua tangu siku ya ajali. Sifa akiwa bado chini ya gari na watu wamekimbilia kutafuta magogo ya kuliinulia, baba aliona vipande vya mbao vyenye lami vimetapakaa mtaroni. Alivijua ni vya nani. Alivikusanya akavitupa mtoni kabla polisi hawajafika. Harusi yako ilikuwa karibu, na ndugu wa Sifa walikuwa wamekuja na mapanga. Nilimuuliza kwa nini alikubali kuitwa muuaji kwa kosa asilolifanya. Akanijibu, “Mimi niko muzee, watanitukana tu. Zakaria wangemukata.” Akaniapisha nisiseme kwa mtu, hata kwako, ili usije ukaishi na jambo hilo. Mbao akanitaka nizichome. Nilizichoma zote mbele yake.

Kisha nilitengeneza gari kama inavyotakiwa. Nilikata vishikio vya chuma kinene, na mipira nikaichonga kwenye ubavu wa tairi la lori, kazi ya kutoa malengelenge. Lilipowaka nilimpandisha baba, tukazunguka mpaka misheni na kurudi. Kwenye mashimo aliinamisha sikio. Akasema halipigi kelele. Hakucheka, lakini alinishika bega. Baada ya hapo kifua kilimlaza, hakuinuka tena. Hukuja, ukasema barabara ni mbaya.

Sasa nikuambie ya makaburini. Unajua desturi yetu, maiti ikishawekwa, sheikh anauliza kama kuna mwenye haki kwa marehemu aseme au asamehe, na watu wote hujibu wamesamehe. Wote walijibu. Halafu nyuma ya watu ikatoka sauti ya Christophe. Alikuwa ametoka Lusangi na pikipiki, amevaa koti lake la kanisani. Alisema, “Mimi sijasamehe. Huyu muzee aliniulia bibi yangu Sifa na usingizi wake. Nitamudai mbele ya Mungu.” Sheikh alimwangalia, akaniangalia mimi. Baba alikuwa amelala mle ndani na deni lisilo lake, na udongo ulikuwa tayari.

Nilivunja kiapo, kaka. Nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, “Ile deni haiko ya baba. Iko ya Zakaria.” Nikaeleza mbao, lami, kila kitu. Sikuwa na hata kipande kimoja cha kuwaonyesha. Christophe alisogea mpaka tukagusana vifua, akaniuliza kama ninaweza kumsingizia ndugu yangu ili baba yangu azikwe vizuri. Nilimjibu kwamba ndugu ninaye huyo mmoja tu.

Alinitazama sana. Kisha akainama, akachota udongo kwa mikono yake miwili, akamwagia baba taratibu, akasema, “Muzee, unisamehe wewe.” Nililia mbele za watu.

Kwangu mimi Christophe hataki kitu. Anakutaka wewe, ukae mbele yake, umweleze kwa mdomo wako ulivyozipaka. Ndugu zake amewakataza kukugusa. Nami nitakuja kukupokea na jeep mahali popote utakapofika.

Msalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Shangazi Safia anakusalimu. Mama nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia, akaendelea kupepeta mchele.

Ni mimi mdogo wako niliyekutaja kaburini,

Alimasi wa Yakubu