Vidonge Zaidi

Jumatano

Sijawahi kumwambia mtu hili: naomba Mungu ubatizo wa Jumapili usifanyike kwenye bwawa letu la kuogelea.

Baba alishawaahidi wazee wa kanisa. Lakini mimi ndiye hupima maji. Stabilaiza, ile dawa ya kulinda klorini isiharibiwe na jua, imezidi sana, na sasa klorini haiui wadudu. Inabidi tumwage nusu, tuweke maji mapya.

Nilipomwambia Baba, akafoka: "Tumwage, na mtaa wote wa Kaaga mifereji ni mikavu? Unataka watu watuseme? Ongeza vidonge vya klorini!"

Lakini stabilaiza imo ndani ya vidonge hivyo hivyo. Hata hivyo nilimtii. Nikaviongeza.

Watoto watazamishwa humo, wengine wayameze maji hayo. Nikisema, nitamwaibisha Baba kwa wazee. Nikinyamaza...

Nasikia viatu vya Baba koridoni. Ataniuliza kama nimeongeza vingine. Wacha nifiche hii diari, bado sijui nitamji