Jibu Linatakiwa Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi
Fundi anaacha kazi. Macho yamechoka, anasema, na meno ya bandia hayatengenezwi kwa kupapasa. Anataka karakana niichukue mimi. Nisipotaka, kuna mnunuzi. Jibu Jumamosi! Mimi niliingia humu kujishikiza tu, mpaka nijue ninachotaka maishani. Miaka imekatika, sijajua. Naogopa.

Jumanne, 5 Machi
Nani alinituma nimwambie dada? Kanipeleka kwa mshauri wake wa maisha — suti imembana, kiti kinazunguka. Eti fumba macho, jione miaka kumi ijayo. Nimefumba. Giza tupu. Dada kanifinya: jitahidi!

Jumatano, 6 Machi
Zamu ya shangazi. Yeye: funga, omba, utaonyeshwa njia. Nimefunga. Nilichoonyeshwa ni njaa. Jioni nimemfokea mama bure. Nina hasira na kila anayejua anakokwenda.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu wa kwaya karudisha meno. Akitamka "s" anapiga mluzi, waimbaji hoi kwa kicheko. Kosa langu. Fundi hapangi jino kabla hajamchekesha mteja, aone midomo inavyokwenda yenyewe. Mimi nilikuwa na haraka, nikampima kanuna.

Fundi hakunigombeza. Kauliza tu: "Karakana ingekuwa yako, mteja huyu ungemwambia nini?" Nikamsimulia mwalimu habari za mshauri na kiti chake. Kacheka mpaka machozi — nami nikaona, meno ya mbele yamekaa nje mno! Nimeyapanga upya leo hii hii, hata kula sikukumbuka. "Sasa safi sana," kasema. Hakuna mluzi! Nilitaka kumkumbatia. Halafu nikakumbuka Jumamosi.

Ijumaa, 8 Machi
Sijalala. Sijaamua.

Jumamosi, 9 Machi
Niko stoo, juu ya gunia la plasta. Nimewaambia nakuja. Mnunuzi amefika, na dada pia — kaalikwa na nani? Ukuta wa mbao, nasikia kila kitu. Dada: mdogo wangu kazaliwa kwa mambo makubwa. Fundi anakohoa. Mnunuzi anataka kuweka duka la simu. Anauliza yale mataya ya plasta kwenye rafu yatatupwa lini. Yatupwe! Kila mteja wetu ana taya lake pale, nakala ya kinywa chake. Anasema ni takataka tu. Kiti kinaburutwa — anapanda!

"Shusha mikono yako!"

Ni mimi niliyepiga kelele. Kisha Fundi, taratibu: "Hilo ndilo jibu, au?"

Naandika mbiombio, mwandiko gani huu. Dada ananiita, mara ya pili sasa. Natoka. Mengine sijui bado, ila rafu ile haiguswi.