Kidole cha Kupimia Nyavu

Yaya Bea, dada yangu, hapa Kalemie kila kitu kinanukia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hata karatasi hii.

Nilikuja kusoma sheria inayokataza nyavu za matundu madogo. Niliisoma bironi, kwenye mafaili ya serikali, kumbe yenyewe inakaa ufukweni. Kipimo cha chuma kilipotea, basi mukaguzi anaingiza kidole chake katika tundu la wavu. Kikipita, wavu ni halali. Wiki hii anaugua, wamemutuma mwenzake munene, na nyavu zilezile za juzi zimekuwa haramu.

Mama Zuhura, aliyenyang'anywa wavu wake, hakuniuliza habari ya sheria. Aliuliza tu, "Yule mwembamba atapona lini?"

Yaya, nakumbuka vidole vyako vyembamba vikinisuka nywele. Ungekuwa hapa, ungekuwa serikali nzuri.

Mudogo wako, Aline