Oili ya Safari ya Ujiji

Jumatano, 9 Julai 2025

Baridi ya asubuhi. Nimekaa kwenye cherehani tangu mapema, nimeshona mkono wa gauni, nikaufumua. Akili iko Ujiji.

Bundala alipiga simu jana. Mama yake, Koleta, mgonjwa, hali chakula tena. Anaulizia tu dada yake. Dada mtu ndiye mama mkwe wangu, Mama Gaudensia wa Itetemia. Kupanda basi hawezi — magoti. Treni hawezi — ngazi. Limebaki gari letu, hili la haibridi, la petroli na umeme, alilotuachia binti yetu Elieth alipohamia Dodoma. Nalo limeanza kunguruma kwenye gia. Fundi wa Cheyo kasema magari haya hayabadilishwi oili ya gia, nisiliguse. Mwingine kasema ibadilishwe, ila yeye haligusi, anaogopa umeme. Anayeyajua yuko Mwanza.

Basi nitabadilisha mwenyewe, hapa uani. Imakulata, mke wangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Fundi cherehani chini ya gari!

Kuna jingine. Mama hajawahi kupanda gari ninaloendesha. Mkwe na mkwe. Tangu nioe namwamkia kwa mbali nikitazama chini, naye anaitikia akitazama ukuta. Hatujawahi kula pamoja. Kamwambia Imakulata: nikae nyuma ya mkwe wangu nimtazame kisogo mpaka Ujiji? Haiwezekani!

Alhamisi, 10 Julai

Oili nimeipata, aina yenyewe kabisa, duka la karibu na stesheni. Nyekundu. Nimeiweka dirishani jua likaipita, nikaitazama mpaka chai ikapoa. Imakulata kauliza kama nataka kuioa.

Nimeangalia video tena. Gari liwe sawasawa, lisiinamie mbele wala nyuma. Waya za rangi ya chungwa usiziguse. Rimoti iwe mbali, maana gari hili huwaka kimya na wewe huna habari. Rimoti kapewa Imakulata, kaifunga kwenye ncha ya khanga.

Mama bado anakataa. Atakuja Jumamosi tumbembeleze.

Ijumaa, 11 Julai

Mikono bado inanuka oili. Sijui nianzie wapi.

Imakulata alikwenda sokoni. Nikaliinua gari kwa jeki, kona moja moja, nikalikalisha juu ya magogo ya mninga. Nikavua shati. Nikabaki na ile kaptula ya zamani, ambayo nyuma haisitiri kitu. Nikaingia chini.

Kule chini pazuri! Kivuli, kimya, harufu ya vumbi na chuma. Nikaanza kuwaza njia. Babu wa babu yangu aliipita hii ya Ujiji na mzigo begani, mpagazi wa misafara, akarudi, akaenda tena hadi pwani. Nikamwona kabisa, nikaona visigino vyake. Huku nawaza, mkono unafungua nati. Oili ikatoka nyeusi kama kahawa, ikaingia kwenye beseni hadi tone la mwisho.

Ndipo nikazinduka. Nati ya kujazia ndiyo hufunguliwa kwanza! Ukishamwaga oili, halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na gari lisiloweza kufika hata getini. Video zote zimesema. Nikaishika ya kujazia. Imeganda. Nikavuta mpaka nikaona nyota. Wapi! Nilitaka kulia, kweli. Mgonjwa anasubiri Ujiji, na mimi nimeifunga njia kwa kuota mchana.

Pikipiki ikasimama getini. Nikaona miguu. Kandambili za bluu, vumbi la Itetemia. Mama! Kaja siku moja kabla.

Nitokeje? Kifua wazi, na kaptula ile! Nikavuta miguu ndani kama kobe. Nikaamkia humo humo: shikamoo mama. Akashtuka. Marahaba baba. Imakulata yuko wapi? Sokoni, mama. Nilidhani atapita ndani. Akavuta kigoda, akakaa kando ya gurudumu.

Akaanza kuongea. Na mimi au na gari, sijui. Kwamba Koleta alipoolewa alipandishwa treni hapa hapa Tabora, naye mama akakimbia pembeni mwa behewa mpaka jukwaa likaisha. Koleta alikuwa dirishani, kakumbatia kuku aliyepewa na shangazi, analia na kucheka. Kwamba tangu wamzike mama yao hawajaonana. Kila mwaka wanasema tukishavuna. Sauti laini, sikujua anayo. Siku zote nilidhani ni mkali.

Kisha akauliza: baba, hilo gari litafika?

Nikasema ukweli. Nati imegoma. Nahitaji bomba la chuma, nilichomeke kwenye spana nipate nguvu, na bomba nimeliacha nje.

Mara nikaona mguu wake unakuja. Hakuinama, asije akaniona. Alikuwa anasukuma vitu kwa dole gumba la mguu. Nyundo. Ndiyo hiyo? Siyo, mama. Bisibisi. Hiyo? Siyo. Bomba. Hilo hilo! Tukaangua kicheko, yeye juu, mimi chini, vumbi likanijaa mdomoni.

Nikalichomeka bomba, nikavuta. Kriii! Nati ikaachia.

Mama akanyanyuka, akaingia ndani, akaubamiza mlango kwa nguvu. Makusudi, nijue sasa naweza kutoka. Nampenda mama huyu. Sijawahi kuliandika hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Oili mpya imeingia. Mpira, faneli, polepole, mpaka ikaanza kuchuruzika pale pale kwenye tundu la kujazia. Hapo imejaa. Nikakaza nati zote, nikateremsha gari, nikaenda kulijaribu, kutoka hapa kwetu Ipuli hadi Cheyo na kurudi.

Halingurumi! Mbuzi hawakusogea njiani, hawakujua kuna gari. Nikashusha vioo. Upepo, majani makavu, mtu anatwanga mahali fulani. Kuna kipande nilisahau kwamba naendesha, nikawa napita tu.

Mama kakubali! Ana masharti. Akae nyuma yangu, khanga ining'inizwe katikati, kioo cha ndani kigeuziwe juu. Imakulata anauliza tunasafiri au tunakwenda kuungama.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya kwanza. Mama kamwombea dada yake kwa sauti, watu wakageuka. Bundala anasema mgonjwa kanywa maji kidogo. Kesho alfajiri.

Jumatatu, 14 Julai. Kaliua

Tumesimama. Gari linakwenda vizuri mno. Urambo tumeipita jua likichomoza nyuma yetu, barabara yote ya dhahabu, mizinga ya nyuki juu ya miti, moshi wa mbali. Nyuma ya khanga mama alikuwa anaimba chini chini, nyimbo za kwao za kulimia. Nadhani aliamini mlio wa gari utamfunika. Gari halina mlio. Nimesikia kila neno, nikatamani tusifike upesi.

Imakulata kashuka kutafuta choo na karanga. Hajafika mbali, Bundala akapiga.

Nilisema ndiyo. Nikasema tupo Kaliua. Nikasema nimesikia. Nikakata.

Koleta amefariki. Asubuhi hii, sisi tukiwa Urambo.

Habari hii si ya mkwe kuitoa. Ni ya Imakulata, amwambie mama yake na kumshika. Mimi hata mkono siwezi kumpa. Nimetoa daftari, naandika, nionekane nina shughuli. Imakulata simwoni. Nawaona wauza karanga tu, wamelizunguka basi. Njoo, mke wangu, njoo!

Nyuma ya khanga mama haimbi tena.

Kauliza: ni Bundala? Nimesema ndiyo, mama.

Kauliza: tunakwenda kumwona, au tunakwenda kuzika?

Bado naandika. Anasema niache kuandika. Anasema, baba, geuka, uniambie usoni —