Mama, Wamepata Alama Yao

Mama yangu,

Shikamoo. Nimetoka Sigino, kijijini kwetu kwa zamani, leo na hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, ingawa tulishakuzika.

Unakumbuka ulivyokuwa unaziba mlango wa zizi kila jioni kwa matawi ya miiba, mikono ikikutoka damu? Majirani walifunga kwa kamba, wakaenda kulala. Fisi akala mbuzi wao, akaacha wetu. Badala ya kukata miiba, wakasema wewe ni mchawi na fisi ni wako. Baba Neema, jirani yetu, akaapa kwamba alimwona fisi huyo ana alama pajani, alama ya mwenye kumfuga. Kikulacho ki nguoni mwako: huyo huyo ndiye ambaye mkewe ulimpelekea maziwa alipojifungua. Maziwa yako yakakosa mnunuzi. Hata kanisani ukakaa benchi peke yako, mpaka tukahamia Bagara. Ulisema moja tu: "Fisi ana njaa, mwanangu. Wao wana nini?"

Ndiyo maana nikasomea fisi. Naokota kinyesi chao, kile cheupe kwa sababu ya mifupa, kisha maabarani tunatoa vinasaba na kutafuta sehemu zinazotofautisha fisi na fisi. Tukizipata za kutosha, tutamjua kila mmoja bila kumkamata, mama yake ni yupi na ametoka pori gani. Tunaziita alama za vinasaba. Laiti tungezipa jina jingine.

Maana leo nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji, nikaeleza kwamba kila fisi ana alama yake. Baba Neema, sasa mvi kichwa kizima, akainuka taratibu, akawageukia wenzake.

"Mmesikia? Mtoto wake mwenyewe amethibitisha. Alama ipo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nimesoma miaka yote hiyo ili nikusafishe jina, na neno moja limekurudisha kwenye kesi ile ile. Nikamwambia alama hiyo fisi anairithi kwa wazazi wake, nao ni fisi, hakuna binadamu hapo. Akatabasamu, akasema, "Wewe soma tu, mwanangu."

Siwasamehe, na wewe usiniombe. Kesho narudi Sigino na mifuko yangu ya kuokotea, nipite mlangoni kwa Baba Neema mchana kweupe. Akiniuliza nimefuata nini, nitamjibu nimefuata fisi wa mama.

Lala, Mama. Sasa waniseme mimi.

Mwanao,
mwenye fisi